Kifaru cha Zamani na Bwelasuti ya Fundi Wake

Vifaru vingi vinavyotumiwa na majeshi ya Afrika Mashariki na Kati viliundwa kwa michoro ya miaka ya 1940 na 1950. T-54 ilianza kutoka viwandani katika Umoja wa Kisovieti mara tu baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na T-55 ikafuata mwaka 1958. Jeshi la Rwanda nalo limo katika ukoo huo: taasisi ya IISS ya London, inayotoa kila mwaka orodha ya zana za majeshi ya dunia, inaliorodhesha kuwa na vifaru vya T-54 na T-55 pamoja na vile vya Tiran-5 vilivyofanyiwa marekebisho Israel. Kifaru cha umri huo huendelea kutembea kwa masharti matatu tu. Kwanza, spea ziwe zinapatikana. Pili, karakana iwe na zana na mafundi. Tatu, askari anayekihudumia awe na nguo inayomwezesha kulala chini ya chuma, kuzamisha mikono katika dizeli na kukaa karibu na moto bila kuumia. Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa kwa urahisi zaidi, ingawa ndilo la bei nafuu kuliko yote.

Vifaru vilifika katika ukanda huu kwa njia tofauti na kwa nyakati tofauti. Vita vilipozuka Rwanda mwezi Oktoba 1990, jeshi la wakati huo halikuwa na vifaru vya minyororo. Lilitegemea magari ya deraya ya matairi, hasa Panhard AML kutoka Ufaransa. Nchi jirani zilikuwa zimetangulia. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na vifaru vya Sherman, muundo wa Marekani wa Vita Vikuu vya Pili, vilivyopatikana kutoka Israel. Tanzania ilikuwa na Type 59 za China, ambazo ni nakala ya T-54. Katika Vita vya Kagera kati ya nchi hizo mbili, vifaru vya ukoo huo mmoja vilikuwa pande zote mbili: mwezi Machi 1979 huko Lukaya, askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin walileta T-55. Kenya ilichukua njia nyingine. Iliagiza Uingereza vifaru vya Vickers Mk 3, zaidi ya 70, vilivyoanza kuwasili mwishoni mwa miaka ya 1970, na jeshi lake likaendelea kuvitumia kwa zaidi ya miaka 40.

Tiran ina historia yake. Katika vita vya mwaka 1967 na 1973, Israel iliteka mamia ya T-54 na T-55 kutoka majeshi ya Kiarabu. Badala ya kuviyeyusha, mafundi wake waliviingiza karakana. Katika toleo linaloitwa Tiran-5Sh, mzinga wa asili wa milimita 100 uliondolewa na mahali pake ukawekwa mzinga wa milimita 105 wa asili ya Uingereza, L7, ambao risasi zake hutengenezwa katika nchi nyingi. Bunduki za rashasha zilibadilishwa pia, na masanduku ya kuhifadhia vifaa yakaongezwa nje. Sababu ilikuwa ya ghala zaidi kuliko ya ushujaa: jeshi lenye aina moja ya risasi hupata shida kidogo kuliko jeshi lenye aina tatu. Uamuzi huo unaonyesha kanuni ya kwanza ya kutunza zana za zamani. Kinachobadilishwa kwanza ni kile ambacho spea au risasi zake zimekuwa adimu, na kinachobaki ni kile ambacho bado kinaweza kutengenezwa.

T-55 ina uzito wa tani 36 hivi na hubeba askari wanne: dereva, kamanda, mpiga mzinga na mpakiaji. Injini yake ni ya dizeli, silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa karibu lita 39, na nguvu za farasi 580. Injini hiyo ni mtoto wa ile iliyosukuma kifaru mashuhuri cha T-34 katika vita dhidi ya Ujerumani. Haina turbo. Imelazwa kwa upana nyuma ya kifaru, nyuma ya ukuta mwembamba unaoitenga na askari. Mahali pa dereva ni mbele kushoto. Upande wake wa kulia kuna matangi ya mafuta yaliyoundwa pamoja na rafu za risasi. Risasi moja ya milimita 100 ina uzito wa kilo 30 hivi, na mpakiaji huiinua kwa mikono katika nafasi ambayo mtu mrefu hawezi kusimama wima. Mpangilio huu wa mafuta, risasi na watu ndani ya sanduku moja la chuma ndio chanzo cha karibu kila kanuni ya mavazi ya askari wa vifaru.

Mazingira ya Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, yanaonyesha vizuri kile kinachoweza kukipata kifaru cha namna hiyo. Ziwa Kivu, lililo kando ya mji huo, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Musanze hupanda kupita mita 2,000. Mafundi hukadiria kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa inapungua. Kwa hesabu hiyo, farasi 580 za kiwandani hubaki 500 hivi zikifika ufukoni mwa Kivu, na huzidi kupungua njiani kwenda juu. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Hutoka moshi mweusi, nozeli hushika masizi, na oili huchafuka mapema. Fundi hurekebisha pampu ya mafuta ipunguze kipimo. Maji nayo huchemka mapema zaidi mahali pa juu: ufukoni mwa Kivu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachovuja, ambacho pwani kingevumiliwa kwa muda, huku husimamisha gari.

Ardhi yenyewe ni ya volkano. Mawe meusi ya lava kutoka milima ya Virunga ni makali na yenye vinyweleo, na yakisagwa hutoa vumbi linalokwaruza. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi hilo huingia kila mahali. Wakati wa mvua hugeuka tope linaloganda katikati ya magurudumu. Umande wa usiku na mvua nyingi huleta kutu hata kwenye kifaru kisichotembea. Madereva wa malori yanayopanda kutoka Gisenyi wanayafahamu haya yote. Tofauti ni kwamba lori lina matairi ya mpira, ilhali kifaru kina tani 36 na minyororo miwili ya chuma, na kila mnyororo una uzito wa zaidi ya tani moja.

Matunzo hugawanywa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya askari wenyewe, kila siku: kabla ya safari, wakati wa mapumziko njiani, na baada ya kurudi. Ya pili ni ya karakana ya kikosi, penye winchi, kreni na mafundi waliosomea injini, umeme au mizinga. Ya tatu ni ya karakana kuu, ambako kifaru huvuliwa chote, injini hutolewa na kufanyiwa oveholi, na kila sehemu hupimwa kabla ya kurudishwa. Jeshi tajiri huweza kusamehe uzembe katika ngazi ya kwanza kwa kutumia fedha katika ngazi ya tatu. Jeshi lenye vifaru vichache vya zamani haliwezi. Saa moja ya kazi ya askari wanne jioni ndiyo inayoamua kama injini itaishi mwaka mmoja au mitano.

Mfano mzuri ni chujio la hewa. Katika T-55 hewa hupita kwanza kwenye vijibomba vinavyoizungusha ili vumbi zito lidondoke, kisha hupita katika makaseti ya nyuzi za waya zilizoloweshwa oili, ambazo hunasa vumbi laini. Makaseti hayo hayatupwi. Askari huyatoa, huyaosha kwa dizeli ndani ya beseni hadi uchafu wote utoke, huyaacha yakauke, huyatumbukiza kwenye oili safi, na kuyaning'iniza mpaka oili iliyozidi idondoke. Kazi huchukua muda mrefu, mikono hulowa hadi viwikoni, na hakuna anayeiona ikiisha. Ikiachwa, vumbi la lava huingia kwenye silinda na kukwangua kuta zake na ringi za pistoni. Injini huanza kula oili, mgandamizo hushuka, na asubuhi haiwaki tena bila kusukumwa na hewa ya mitungi.

Uwashaji nao una utaratibu wake. Kabla ya kuizungusha injini, dereva huendesha pampu ndogo ya umeme inayopandisha oili mpaka kipimo kionyeshe shinikizo la kutosha. Bila hatua hiyo, beringi huzunguka zikiwa kavu kwa sekunde chache, na sekunde hizo zikijirudia kila siku hula chuma kuliko safari ndefu. Injini inaweza kuwashwa kwa betri au kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, na hii ni bahati kwa majeshi ambayo betri zake zimechoka. Lakini mitungi isipojazwa, au valvu zake zikivuja, bahati hiyo hupotea.

Minyororo ndiyo sehemu inayoisha haraka zaidi. Kila mnyororo wa asili wa T-55 una pingili 90 hivi za chuma chenye manganizi, zilizounganishwa kwa pini zisizo na mpira ndani yake. Chuma kinasuguana na chuma, na mchanga ukiwa katikati matundu ya pini hupanuka kidogo kidogo. Mnyororo mzima hurefuka na kulegea. Mwanzoni askari hukaza kwa kusogeza gurudumu la mbele. Likifika mwisho wake, hutoa pingili moja. Huegesha kifaru mahali tambarare, huitoa pini kwa nyundo nzito na chuma cha kusukumia, huvuta ncha mbili za mnyororo kwa winchi au nyaya, kisha hugonga pini tena. Vidole husagwa hapa kuliko mahali pengine popote. Kwa sababu ya uchakavu huo, majeshi hubeba vifaru kwenye trela za chini hata pale ambapo barabara inapitika. Safari ya karibu kilomita 160 kutoka Gisenyi hadi Kigali kwa minyororo yake yenyewe ingekula sehemu kubwa ya uhai wa pini, na ingeharibu lami pia.

Kifaru kisichotumika kinaharibika kwa namna nyingine. Mpira wa magurudumu hupasuka, sili hukauka na kuvuja, lenzi za vioo vya kulengea hufanya ukungu, na waya za miaka ya zamani hupoteza ngozi yake. Mitungi inayopokea kishindo cha mzinga hupoteza mafuta yake taratibu. Dawa ni kukiwasha na kukitembeza kwa ratiba, kuzungusha kichwa chake, kuinua na kushusha mtutu, na kuandika kila kitu kwenye daftari la kifaru. Daftari hilo, lenye saa za injini, kilomita na kila kilichobadilishwa, ni zana sawa na spana. Fundi mpya asiyelisoma huanza kazi upya kwa kubahatisha.

Hapa ndipo nguo inapoingia. Askari wa kifaru ni fundi na mpiganaji kwa wakati mmoja, na kazi hizo mbili zinadai nguo tofauti. Kwa kazi ya karakana kinachofaa ni bwelasuti, yaani suruali na shati vilivyoshonwa pamoja. Gwanda la kawaida la mtembea kwa miguu lina shati linalochomoka, mkanda wenye bizimu, na mifuko inayoning'inia kiunoni; vyote hivyo hunasa kwenye mlango mwembamba wa kifaru au kwenye mashine inayozunguka. T-54 za mwanzo hazikuwa na sakafu inayozunguka pamoja na kichwa cha kifaru, kwa hiyo mpakiaji alilazimika kutembeza miguu huku mzinga ukigeuka juu yake. T-55 ilirekebisha kasoro hiyo, lakini ukali wa nafasi ulibaki. Bwelasuti nzuri ina mifuko kifuani na mapajani, mahali ambapo mtu aliyeketi anaifikia, na kila mfuko una kifuniko ili bolti isidondoke ndani ya injini. Bwelasuti za askari wa vifaru wa Marekani zina mkanda imara mgongoni wa kumvutia majeruhi juu kupitia mlango, na kifuniko nyuma kinachofunguka kwa haja kubwa, kwa sababu mtu aliyevaa nguo ya kipande kimoja hana njia nyingine ya haraka.

Kichwa kinalindwa kwa kofia. Askari wa Kisovieti walipewa kofia ya kitambaa yenye matuta yaliyojazwa, na muundo huo umeenea kote ulikofika ukoo wa T-54. Matuta hayo hayazuii risasi. Kazi yake ni kuzuia fuvu lisipasuke linapogonga chuma gari linaporuka shimo. Ndani yake kuna vipaza sauti vya masikioni, na shingoni kuna kipokea sauti kinachosikiliza mtikisiko wa koo badala ya hewa ya mdomo, kwa sababu ngurumo ya injini ingefunika maneno. Waya wake una kiungio kinachochomoka kwa urahisi, ili anayetoka haraka asinyongwe na kofia yake. Miguuni, majeshi mengine yamechagua buti za mikanda badala ya kamba, kwa kuwa kamba hunasa na matundu ya chuma hupata moto. Pete na saa za chuma huvuliwa kabla ya kazi ya betri au mnyororo.

Kwa upande wa vita, swali kubwa ni moto. Nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Pamba huungua lakini haidondoki kama nta. Katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, mabaharia wa Uingereza waliokuwa na sare zenye nyuzi za poliesta waliumizwa zaidi na moto kwa sababu hiyo. Kuanzia miaka ya 1960 ilipatikana nyuzi ya aramidi, iliyouzwa na kampuni ya DuPont kwa jina la Nomex, ambayo haiyeyuki. Ikipata joto kali huwa nyeusi na kunenepa, na humpa mtu sekunde za ziada za kutoka. Katika kifaru kinachobeba mafuta karibu na dereva, sekunde hizo ndizo uhai wenyewe. Lakini nguo hiyo ina sharti. Ikilowa dizeli au grisi, ni utambi. Kwa hiyo askari aliyeosha chujio la hewa jioni hatakiwi kuingia kifaruni asubuhi na nguo ile ile.

Matokeo yake ni hesabu rahisi ya stoo. Kila askari anahitaji angalau seti mbili za bwelasuti ya karakana, ya pamba nzito, zinazofuliwa kwa zamu, na seti moja ya kuendeshea isiyoguswa na grisi. Nguo za ndani ziwe za pamba. Glavu ziwe za aina mbili: za ngozi kwa kazi ya minyororo, na nyepesi zisizoshika moto kwa ndani ya kifaru. Nguo ya aramidi isifuliwe kwa dawa ya kung'arisha, kwani hudhoofisha nyuzi. Mahali penye mvua kama Gisenyi, ambako nguo nzito haikauki kwa siku moja, sehemu ya kuanikia yenye paa ni sehemu ya karakana, na askari hutumwa kazini na nguo iliyokauka.

Ukanda huu una uwezo wa kushona sehemu kubwa ya vazi hilo wenyewe. Rwanda ina kiwanda cha nguo cha Utexrwa jijini Kigali, na huko Jinja, Uganda, kiwanda cha Nytil kimekuwa kikishona sare za jeshi la nchi hiyo. Bwelasuti ya pamba, yenye mishono miwili na zipu imara, si jambo gumu kwa viwanda hivyo. Kinachobaki kuagizwa ni kitambaa kisichoshika moto.

Spea zina hali ngumu zaidi. Faida ya T-54 na T-55 ni wingi: pamoja na nakala za China na nchi nyingine, zilitengenezwa kwa makumi ya maelfu, kuliko kifaru kingine chochote. Sehemu nyingi za Type 59 huingiliana nazo, na China iliendelea kuuza maboresho ya vifaru hivyo. Hata hivyo si kila kinachouzwa kinafaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Uganda ilinunua vifaru vya T-54/55 kutoka Bulgaria, na sehemu kubwa yake ilikutwa haifai kwa kazi, jambo lililozua kashfa ya muda mrefu. Funzo lake ni la mnunuzi yeyote wa gari la mtumba: fundi atangulie kukagua kabla fedha hazijalipwa. Kenya ilibahatika kwa upande huu. Vickers zake zina injini ya Detroit Diesel, ya jamii inayotumika pia katika boti na mitambo ya kawaida, na hivyo spea zake hazikutegemea kiwanda cha silaha peke yake.

Spea zikikosekana, mafundi huchinja: gari moja bovu hung'olewa sehemu ili mengine matatu yatembee. Njia hii inafaa ikiwa imepangwa. Gari la kuchinjwa huteuliwa rasmi, kila kinachotolewa huandikwa, na mashimo yaliyobaki hufungwa yasiingie maji. Ikifanywa kiholela, kila kifaru hupoteza kitu kidogo na hakuna hata kimoja kinachobaki kizima. Vitu vidogo, kama pini, bushi na viunganishi vya mabomba, hukerezwa katika karakana za ndani ya nchi. Mpira wa magurudumu huweza kuvishwa upya. Mtutu wa mzinga na gia kubwa haviwezi.

Mwisho wa kifaru cha zamani hufika pale oveholi moja inapogharimu kuliko kazi inayobaki, au pale silaha za adui zinapokifanya kiwe hatari kwa askari wake kuliko kwa adui. Hata wakati huo, hakitupwi mara moja. Slovenia ilizivalisha T-55 zake mzinga wa milimita 105 na mitambo mipya ya kulengea, na mwaka 2022 vifaru 28 vya namna hiyo vikapelekwa Ukraine. Mwaka 2023 Urusi nayo ilionekana ikitoa T-54 na T-55 kwenye maghala yake. Vingine hugeuzwa magari ya kuvuta, kwa kuondoa kichwa na kuweka winchi; vingine hutumika kufundishia madereva; vingine huwekwa getini kambini kama kumbukumbu, mtutu ukiwa umezibwa na injini ikiwa imetolewa. Vilivyobaki hukatwa vyuma, na kabla ya kukatwa hutolewa lenzi, redio, betri na kila pini inayoweza kufungwa kwenye mnyororo wa kifaru kingine.